Namba Niliyoinyamazia

Kwako Kaka,

Salamu. Natumaini u mzima, maana ajali haikukugusa hata ukucha. Ukitaka kujua hali zetu, mimi ni mzima wa mwili. Shemeji yako, mume wangu, yuko wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani, nyonga imefungwa vyuma, na daktari hajasema kama atatembea. Hii ni wiki ya tatu. Hujaja kumwona hata mara moja, ila karatasi yako imefika upesi, tena kwa pikipiki.

Nimeisoma. Unataka mimi, mpima upepo wa kampuni yako ya kurusha wageni kwa parachuti, nitie sahihi kwamba siku ile hewa ilikuwa shwari na rubani, huyo huyo shemeji yako, alianguka kwa uzembe wake. Eti hapo mkaguzi wa usalama atafunga faili. Kaka, kweli una macho makavu.

Acha nikukumbushe, maana wewe ulikuwa ofisini chini ya feni. Saa tano kule kilimani kulikuwa safi. Kufika saa saba jua limeuchoma mteremko, hewa ya moto inapanda kwa vishindo, na mawingu yanafura kama unga uliozidishwa hamira, chini yameanza kuwa meusi. Kipima upepo kilisoma kilomita kumi na nane kwa saa, mara thelathini na nane, mara kumi na mbili. Upepo uliotulia kwenye namba moja rubani huuzoea. Huu wa kurukaruka ndio unaolikunja parachuti upande mmoja kabla hujasema lo! Nilikupigia simu nikakwambia tufunge. Ukanijibu kwamba wageni wako kwenye foleni, kwamba mimi ni mwoga tangu utotoni, na kwamba rubani atangulie peke yake ili wageni waone hakuna neno. Ukanikatia simu.

Akaruka. Hakufika hata mita mia. Parachuti lilikunjika kushoto, likamzungusha, likambwaga kwenye mawe mbele ya wageni wako. Leo huyo ndiye mzembe! Mtu aliyekuwa akikagua kamba moja moja hadi wenzake wakampachika jina la Fundi Cherehani!

Sasa nisikilize vizuri, maana hili hulijui. Desturi ya kilimani unaifahamu: mpima upepo husimama uso kwa uso na rubani, humtajia namba, naye huirudia kwa sauti, ndipo bendera nyeupe ya ruhusa ya kuruka inapanda. Asubuhi ile tuligombana, mimi naye, kwa ajili yako. Alisema ipo siku utaua mtu. Nikamjibu asimseme kaka yangu, damu nzito kuliko maji, nikamnunia. Basi saa saba aliponigeukia kusubiri namba, sikumtajia. Nilipandisha bendera nyeupe kimya kimya nikatazama pembeni. Akaniamini. Thelathini na nane nilikuwa nayo mkononi, nikaimeza, kwa kununa na kwa kukuogopa wewe.

Juzi nilimwambia. Aligeuzia uso ukutani. Jana nikamwandikia mkaguzi yote mawili, simu yako na kimya changu, nikaambatisha daftari la upepo. Wewe utafungiwa kampuni, mimi nitanyang'anywa cheti, na kama nitabaki na mume sijui. Karatasi yako nairudisha humu bila sahihi. Usimtume Mama kuja kunibembeleza, ameshajua na amelia vya kutosha.

Leo asubuhi shemeji yako ameniuliza, bila kunitazama, upepo wa nje ni ngapi. Nilitoka uani na kipima upepo, nikarudi, nikasimama mbele ya uso wake nikamtajia: kumi na nne. Nikangoja airudie. Mpaka naandika hapa, bado nangoja.

Wasalimie wanao, hao sina ugomvi nao. Wewe sikusalimii tena.

Mimi, mdogo wako wa kike,
Mpima upepo