Sili ya Pili

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Mama amepaka sebule rangi, na baba bado anaifuta kila asubuhi pikipiki yako uliyoiacha, kama anayeogesha mtoto mchanga.

Ilikuwa ikitoa moshi wa bluu kila ikiwashwa, nikaifungua injini. Sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili, zilikuwa zimekauka, oili inapenya hadi kwenye silinda. Nilinunua mbili mpya. Lakini niseme kweli: nilibadilisha moja tu. Ya pili niliiacha kusudi, ili baba aikatie tamaa pikipiki yako.

Alipoiwasha, moshi ukamfunika. Akaizima, akaniambia taratibu, "Basi, mwanangu. Imezeeka kama mimi. Wewe umejitahidi."

Miaka sita nafanya naye kazi gereji, na hakuwahi kuniambia nimejitahidi kabla ya siku hiyo.

Kesho yake niliifungua tena nikaweka ya pili. Sasa inanguruma safi, haina moshi hata kidogo. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mpigie mdogo wako," akasema, "afurahi!"

Nimeona heri niandike. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ikiniumbua.

Ni mimi kaka yako, niliyebaki nyumbani.