Sahihi ya Bwana Mudogo

Bibi yangu, mama ya Mado,

Najua huko Mwene-Ditu utapokea hii barua na kusema, "Huyu mutoto anataka nini tena?" Nataka kukusalimia. Nataka pia ujue uzuri wangu umeongezeka, ila jino moja la mbele limetoka, na sababu yake utaisoma. Barua naiacha wazi, kila muntu wa avenue yetu aisome. Walisikia kaka yangu, bwana yako wa kweli, akikuita malaya mbele ya mulango. Ukweli nao wausikie vilevile. Jina yako tu siandiki.

Unakumbuka siku kaka alikuleta Likasi? Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Uliweka valizi chini, ukanipima kwa macho, ukasema, "Huyu njo bwana yangu mudogo? Miguu sawa ya kuku!" Ndivyo ilivyo kwetu: ndugu mudogo wa bwana ni bwana mudogo, anatania, anakula, hana kazi. Ile kazi niliifanya kushinda wote. Ukisonga bukari, naita toka mulangoni, "Bibi, bwana amechoka!" Na weye, "Amechoka na nini? Kuacha masomo?" Mado alikuwa anacheka mpaka anaanguka.

Mimba ya pili njo ilionyesha virusi vya ukimwi ndani ya damu yako. Hukushusha sauti. Uliniambia ukichagua muchele, "Niko na VIH. Nakunywa dawa kila siku, mutoto amezaliwa muzima. Funga kinywa, inzi ataingia." Kaka hakutaka kusikia hilo neno. Alitaka mutoto wa tatu, haraka. Weye ulitaka miaka michache ya kupumua, mwili upate nguvu. Mara tatu ulimuomba mwende pamoja ku kituo cha afya, mara tatu akapanda pikipiki kurudi Kambove, kwenye mashimo yake ya shaba.

Dawa ya virusi walikupa bila maneno. Lakini ulipoomba kijiti cha kuzuia mimba, kile wanatia chini ya ngozi ya mukono, infirmière, yule muuguzi wa kituo, akasema, "Lete bwana atie sahihi." Ulirudi ukitafuna midomo. Halafu ukaniangalia na pembe ya jicho.

"Bwana mudogo, unajua kuvaa koti?"

Kama najua! Nilikuwa na miaka kumi na saba, na koti la kaka lilinifika magotini. Infirmière akauliza, "Huyu njo bwana?"

"Njo yeye kabisa, mama," ukajibu. "Ananitesa, lakini ni wangu."

Ulinikanyaga mguu. Sahihi nilikuwa nimeizoeza siku mbili, na mukia na mizunguko, sawa ya gavana; nikaitia ku fishi, ile karatasi yako ya kituo, kwenye mustari wa bwana. Tukarudi kwa mguu, weye na bandeji mukononi, ukaninunulia mikate minne ya mafuta. "Leo umefanya kazi," ukasema. Tangu hapo sijapata sifa nyingine iliyonishibisha vile.

Kosa lilikuwa ule uzuri wa sahihi. Ningeandika na mwandiko wangu wa kila siku, kaka angeutambua palepale, angenipiga, tungecheka mbele ya mwezi kuisha. Lakini alipokuta fishi yako chini ya godoro, aliona sahihi ya mwanaume mwenye kusoma.

"Huyu bwana ni nani?"

Miye nilikuwa kwenye sahani, tonge mukononi. Uliniangalia mara moja tu. Halafu ukamujibu, "Ni muntu mwenye alikubali kunisindikiza." Na miye, mwenye kinywa kushinda redio, nikameza tonge. Usiku ule akakuita malaya mbele ya mulango, akakufukuza, na asubui ulipanda train na watoto. Hukunitaja hata pale.

Hapa bado naita toka mulangoni, "Bibi, bwana amechoka!" Jogoo wa jirani njo ananijibu. Chai nakunywea kikombe cha Mado, kile kidogo, najaza mara sita. Muchele najichagulia, na mawe nakula.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, nilishika makala ya jiko nikaandika ile sahihi ku ukuta, mbele ya kaka. Akatoa fishi mufukoni; kumbe alikuwa anatembea nayo siku zote. Akaangalia ukuta, akaangalia fishi. Jino lilienda hapo. Kisha akaketi chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali ya misa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia mara tatu, kaka. Miye nilikuwepo."

Siku ya pili nikaenda kituo. Infirmière ni mupya. Nikamuuliza bwana anatia sahihi wapi. Akanishangaa: "Mukono ni wa nani?" Bibi, nilirudi nyumbani nikihesabu. Tulivaa koti, ukafukuzwa, watoto wakaenda, kwa kitu ambacho hakuna mwenye alikuwa na haki ya kukuomba.

Fishi iko ndani ya hii barua. Kaka aliniachia akirudi Kambove. "Iko na tarehe ya kutoa kijiti," akasema, "huko wataitafuta." Hakusema urudi. Uso wake ulisema, lakini ule uso miye siuamini bado, na weye usiuamini haraka.

Pale kwenye mustari wa bwana utaona nimekata kwa kalamu ile sahihi yangu ya gavana. Iliniuma kushinda jino. Chini yake kuna nafasi. Andika jina yako weye.

Mupe Mado busu, umwambie kikombe chake kimepasuka ukingoni na mwenye kukipasua anakataa.

Ni miye, mwenye pengo na njaa,

Bwana yako mudogo