Chakula Ambacho Hukukila

Aloys, ndugu yangu,

Sijui barua ya kumwandikia aliyekufa huanzwaje. Ungekuwa hai ningekuuliza kitambi kinaendeleaje, nawe ungenijibu kwamba hakijambo, kinawasalimia wote nyumbani. Utani huo sasa siuwezi, maana nilikuona kwenye jeneza na kitambi hakikuwepo. Ulikuwa mtu mwembamba mwenye kola iliyopwaya shingoni, na mama mmoja aliyepita mbele yangu akanong'ona kwamba umependeza. Nilitaka kumpiga, wallahi, na mimi si Mwislamu.

Leo ni Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Nimefyeka nyasi na majirani, nimerudi, nimeoga, nimekaa mezani. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu utoto wetu Ngara, kwa sababu Kinyarwanda chetu sisi tuliorudi kutoka Tanzania kilikuwa cha kusalimia wakwe tu. Mke wangu Jeanne yuko jikoni, anadhani naandika ripoti ya kazi. Wiki saba zimepita tangu tukuzike. Kuna jambo tulilolijua mimi na wewe tu, na siku hizi kuna mtu wa tatu anayelijua. Huyo wa tatu ndiye anayenitia hofu.

Unakumbuka ilivyoanza. Gari lako lilikuwa gereji, tukasimama pale Remera kutafuta pikipiki mbili. Mimi nilipata mara moja, ingawa nami si mwembamba. Wewe motari wa kwanza alikutazama kuanzia juu hadi chini akaondoa pikipiki yake. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa na adabu, akasema, "Mbabarira muzehe, wewe iko muzito sana, pine yangu itapasuka." Watu wakacheka, nawe ukacheka kuwashinda. Lakini nakujua. Kicheko chako cha aibu hutokea puani. Jumatatu yake ulikuja ofisini kwangu ukafunga mlango ukasema, "Theo, tutafute daktari."

Mimi ninayepima malori kwenye mizani ya Masoro kutwa nzima, sikuwahi kujipima mwenyewe. Siku ile kliniki tulivua viatu kama watoto. Daktari alitueleza vizuri, siwezi kumsingizia. Sindano moja ya kupunguza mwili kila wiki, tuanze na dozi ndogo, ipande polepole. Chakula kidogo, lakini mlo usirukwe. Na kila siku kocha atufuatilie. Kwako aliongeza neno, kwa kuwa ulikuwa na vidonge vya sukari: ukishindwa kula, au ukitapika, umwambie siku hiyo hiyo. Alilirudia mara mbili akikutazama wewe. Ukamwambia, "Hakuna shida, dogiteri."

Halafu tukakutana na Clarisse. Yule binti mrefu aliyewahi kucheza mpira wa kikapu, anayecheka huku anakupangia squat hamsini. Alitaka picha ya kila sahani kabla hatujaigusa. Tukichelewa simu inalia. "Wazee wangu, sahani iko wapi? Bila kula, dawa iko bure!" Tulimlalamikia kama wake zetu, na tulimpenda.

Miezi miwili ilikwenda vizuri sana. Ulipanda ngazi za ghala lako pale Masoro bila kusimama katikati. Ulitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, ukanionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto wake mchanga. Wengine walianza kusema una ugonjwa, au umefukuzwa kazi, maana hapa Kigali mkubwa akipungua watu hutafuta sababu mbaya. Hukuwajali.

Kisha dozi ikapanda, na chakula kikakukataa. Kwenye melanji ya pale kazini, ule mlo wa kujipakulia, mahali ambapo zamani ulijaza sahani hadi mama mpishi akakuomba uhurumie wenzako, ulianza kukaa dirishani na chai kavu. Harufu ya maharage tu ilikutoa nje. Nilikuambia tumpigie daktari. Ukanishika mkono. "Akijua sili, atanirudisha chini. Mimi sirudi nyuma, Theo. Sirudi pale Remera. Nipigie picha ya sahani, wiki moja tu."

Nikakupigia. Nilikuwa nachukua sahani yangu, mchicha wa dodo nusu sahani, maharage, kipande cha ugali, napiga picha natuma kwa jina langu. Kisha nahamishia chakula kile kile kwenye sahani ya bluu, napanga maharage upande mwingine, naweka chungwa pembeni, napiga tena, nakutumia wewe, nawe unamtumia Clarisse. Nikiri jambo baya, Aloys: nilifurahia. Siku moja alijibu, "Sahani ya Mzee Aloys iko sawa kabisa! Mzee Theo, wewe ugali iko mingi." Ulikuwa ugali mmoja! Tulicheka mpaka ukaegemea meza.

Wiki moja ikawa tano. Nilikuwa naona. Siwezi kujitetea kwamba sikuona. Midomo yako ilipasuka, sauti ikakauka, ukawa unatembea mkono mmoja ukutani. Jumapili moja nje ya kanisa Vestine alinivuta kando. "Shemeji, niambie ukweli. Huko kazini anakula?" Nikamjibu, "Anakula kunishinda mimi, shemeji." Akapumua. Mkeo alinishukuru kwa uongo ule, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Na daktari, siku ya kukupima, aliona umepungua haraka akauliza maswali. Clarisse akamwonyesha simu. Picha zote zilikuwepo, asubuhi, mchana na jioni, zimepangwa. Akaridhika. Alikupandishia dozi kwa kutazama sahani yangu.

Ijumaa ile mchana ulianguka katikati ya katoni za sabuni. Nilikubeba na vijana wa forklift, na nilishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Hospitali walisema mwili umekauka maji, figo zimechoka, sukari imeshuka vibaya. Wakauliza kama ulikuwa unakula. Nilifungua mdomo. Vestine akawahi, "Anakula, dogiteri, kuna hata picha." Nikatazama vigae vya sakafu. Jumapili ukaondoka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu kilio kilikuja, na bado hakijamuumbua mtu. Siku ya gukaraba, tulipokwisha kunawa mikono kumaliza msiba, mjomba wako alisimama akauliza kama kuna mwenye neno lolote juu yako alitoe pale pale, mbele ya familia. Ndiyo desturi yenyewe, na neno nilikuwa nalo mimi. Vestine akasimama kabla yangu, akasema hakuna wa kulaumiwa, mumewe alitunzwa, alikula vizuri, na Theo ni shahidi. Watu wote wakanigeukia. Nilitikisa kichwa kukubali, nikanywa Fanta yangu.

Niambie kama kuna dhambi kubwa kuliko hiyo, maana huko uliko bila shaka wanazipima.

Clarisse amebeba lawama. Baadhi ya wagonjwa wanasema alikukimbiza kama askari wa mafunzo. Hafundishi wanaume wapya tena, anafuatilia wachache waliobaki. Amenitumia ujumbe mara tatu akiuliza, "Mzee Theo, mimi nilikosea wapi?" Mara zote nimemjibu kwamba ni mpango wa Mungu. Mungu hakuhusika na ile sahani ya bluu.

Na sasa huyo wa tatu. Ni Damas, mdogo wako.

Unamjua, mwili ni ule ule wa nyumbani kwenu, na kazi yake ya mizigo pale uwanja wa ndege Kanombe haijawahi kumpunguza. Baada ya msiba aliogopa kufa kama wewe, akaenda kliniki yetu, wakamwandikisha vizuri, dozi ya chini kabisa. Clarisse alimpokea kwa sababu yako. Lakini kwenye friji yako zilibaki kalamu tatu za sindano, zile kali za mwisho. Vestine alimpa kwa moyo mweupe. Kwa nini asimpe? Kwa anavyojua yeye, dawa haikuwa na kosa na wewe ulikuwa unakula. Akampa na simu yako aitumie. Humo Damas akakuta picha zangu zote.

Alikuja mizanini siku kumi zilizopita, anacheka. "Kaka Theo, mulikuwa wajanja! Nifanyie kama ulivyomufanyia mukubwa." Anajichoma zako na kuficha za kliniki, anataka apungue upesi, na chakula kimeshaanza kumkataa. Nilikataa, Aloys. Nilimwambia hivyo ndivyo ulivyokufa. Akaona natania, au hakutaka kusikia. Akanipiga bega taratibu. "Usiogope kaka, siri yako iko kwangu salama. Vestine hatajua."

Miaka yote hii madereva wamenitisha ili nibadilishe uzito wa malori yao, hakuna aliyeniweza kama yeye na tabasamu lake. Nikamtumia picha. Siku tisa nimekuwa napanga tena maharage. Nilifikiri nitamtoa katika jambo hilo polepole. Hivyo ndivyo mwoga anavyosema.

Jana amekuja Masoro kunisalimia. Midomo imepasuka. Alipoondoka alitembea mkono mmoja ukutani, na nilipomwita aligeuka akachekea puani.

Nimeacha kuandika hapa kwa muda. Nimemtumia Clarisse ujumbe mrefu, nimeeleza yote, jina lako, la Damas na langu, na sahani ya bluu, na kwamba yeye hakukosea popote. Nilitegemea matusi. Amejibu mstari mmoja: "Damas iko wapi sasa?"

Nimempigia. Kwenye simu yangu linatokea jina lako, maana namba ni yako. Nimepiga mara nne. Inaita mpaka inakatika. Nimepiga kazini kwake, wanasema leo hakuingia na hakutoa taarifa. Clarisse amempigia daktari, wako njiani kwenda nyumbani kwake, huko huko Kanombe. Nimemwita Jeanne kutoka jikoni nikamwambia kwa ufupi. Amechukua ufunguo wa gari, na sasa nasikia analiwasha.

Basi niage haraka, nawe unisamehe ikiwezekana. Vestine nitamwambia leo hii, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele yake, si kwa simu wala kwa kumtuma mtu. Akitaka ukoo mzima ukae tena, nitakaa katikati yao na kusema neno nililolimeza. Akinifungia geti asinifungulie tena maisha yangu yote, atakuwa na haki. Hiyo ni ahadi, na safari hii shahidi ni wewe.

Lala, Aloys. Kwaheri, mwenzangu wa Ngara.

Jeanne anapiga honi. Kama Damas atatokea hapo kwako kabla hatujafika Kanombe, usimkaribishe, ndugu yangu. Simama mlangoni na mwili wako wote wa zamani, umzuie, umwambie arudi.

Theo