Msimpakulie Ambakisye Nyuma ya Nyumba

Dodoma,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Mugonile, Mama. Goti lako linasemaje na mvua hizo za Tukuyu? Mimi mzima, ila vumbi la huku linanila. Nikiwaambia wauguzi wenzangu kwamba kwetu nguo hazikauki wiki nzima, wanadhani nawafunga kamba.

Mama, barua yako imeniliza. Kwamba Ambakisye amempasua kichwa mnunuzi wa ndizi pale mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, sasa anapakuliwa chakula peke yake nyuma ya nyumba, na Baba Mkubwa ameita ukoo ili mdogo wangu afukuzwe kwa kuwa hana moyo. Najua hawa wanunuzi waliozagaa tangu biashara iachiwe huria wana kejeli, lakini kupiga ni kupiga. Simtetei. Ila subirini kwanza.

Katika wodi yetu ya wagonjwa wa akili wamo wanaume wawili walioletwa na polisi, wote wakiitwa watu wasio na moyo. Mmoja ni fundi cherehani, mpole, shikamoo yake haikosi. Juzi alimsukuma mzee mmoja chini akachukua blanketi lake. Nilipomuuliza, akatabasamu: "Dada, si nilisikia baridi?" Akalala fofofo. Mwingine ni dereva. Akichokozwa kidogo anavunja vikombe, na matusi hayo usiombe! Halafu anajikunyata, anatetemeka, anauliza kama kuna aliyeumia.

Mimi nilimpenda fundi, nikamwogopa dereva. Daktari wetu akanicheka: "Subilaga, wewe umeogopa kelele." Akanieleza kwamba fundi hana hofu wala majuto, tangu utotoni kilio cha mtu hakimgusi. Dereva amejaa hofu. Alilelewa kwa kipigo, na hasira yake hutangulia akili. Matendo yao yanaweza kufanana, lakini ndani ni watu wawili tofauti kabisa.

Nasi tulikuwa tumemtenga dereva, anakula peke yake, naye akazidi. Daktari akaamuru arudi kula na wenzake, mimi nikae karibu. Mwanzoni alitupa sahani. Siku hizi anawagawia wenzake ugali, na hasira ikianza kupanda ananiita. Fundi naye hatujamkatia tamaa, ila kazi yake ni ngumu zaidi.

Mama, unakumbuka Ambakisye alivyorudi kutoka kwa Baba Mdogo kule Kisiba, mtoto wa kuziba uso kila mlango ukigongwa? Na wewe mwenyewe umeniambia kwamba baada ya ugomvi ule alikutwa migombani analia. Asiye na moyo angelilia nini? Mimi si daktari, siwezi kusema toka huku ana nini. Akamwombe radhi mnunuzi, ambebee mikungu yake mpaka apone. Nikija likizo nitampeleka hospitali mwenyewe. Nina matumaini makubwa, Mama.

Nisalimie Bibi, mwambie viazi vyake nimevikumbuka. Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, na umwambie mwanawe anamwomba ukoo usikate neno kabla sijafika.

Leo chakula kikiiva, msikipeleke nyuma ya nyumba. Nafasi yangu mkekani iko wazi. Mkalishe Ambakisye hapo, ubavuni mwako.

Ndaga, asante sana Mama.

Binti yako,
Subilaga