Chembe ya Chuma Jichoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada lakini huruma usinipe, hiyo nimeshapewa ya kutosha. Mimi ni mwanamke fundi wa kuchomelea vyuma, mwaka wa kumi na tisa huu, hata geti la wifi yangu nimeliunda mimi, na tumboni nina uvimbe ambao kila mtu aliuita wa kawaida mpaka ulipokua ghafla ndani ya miezi mitatu, daktari akasema huenda ni saratani ya misuli laini, ile inayojenga ukuta wa kizazi, na kwamba hashiki kisu kabla ya kuiona mipaka yake kwa MRI, ile mashine yenye sumaku kubwa. Wifi ndiye aliyenisindikiza kuchukua nafasi, akanijazia fomu kwa kuwa miwani nilisahau, penye kazi akaandika "mama wa nyumbani", penye swali kama nimewahi kuingiwa na chuma jichoni akaandika hapana, nami nikatia sahihi. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, "We nyamaza tu. Ukisema unachomelea watakutoa kwenye foleni, na aibu ya kazi ya kiume tutaibeba sisi." Mume wangu anatazama ukuta. Mshauri, jicho la kushoto liliwahi kuingiwa na chembe, sijui kama yote ilitoka. Nafasi yangu ni Alhamisi, nyingine mpaka wiki sita. Naogopa, na hasira zimenijaa. Ninyamaze?

Fundi Cheche

Fundi Cheche, usinyamaze. Sumaku haina habari na aibu ya wifi yako. Ikikuta chembe ya chuma jichoni inaweza kuisogeza, ukaingia na macho mawili ukatoka na moja. Mficha maradhi kilio humfichua. Mficha kazi je? Na wewe nakulaumu. Geti unalipima mara tatu kabla ya kukata chuma, halafu unatia sahihi karatasi usiyoisoma?

Usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi nenda na miwani yako, mwambie mhudumu wa mashine kwamba fomu yako ina uongo. Omba macho yapigwe eksirei kwanza. Ni picha ya dakika chache, na yakiwa safi huenda Alhamisi yako ikabaki palepale. Chembe ikionekana, daktari atafute njia nyingine ya kuuchunguza uvimbe, na asicheleweshe. Asitokee mtu wa kukuharakisha ukatwe bila kuchunguzwa: kama ni saratani, uvimbe huo hutolewa mzima, haukatwikatwi tumboni.

Kuogopa ruhusa, hata mimi ningeogopa. Mumeo aache ukuta, akusindikize yeye. Wifi abaki nyumbani, afungue na kufunga geti ulilomuundia. Na hiyo fomu, penye kazi, futa alichoandika, uandike kwa mkono wako mwenyewe: fundi wa kuchomelea. Kwa herufi kubwa.