Kisanduku cha Ng'ombe Wangapi

Jumanne, Noonkopir

Bado nimemkasirikia Mutua, ingawa si sana. Wiki nzima mwenzangu huyu ameandika majaribio ya kisanduku kimoja cha programu yetu ya simu, kile kinachomuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi. Akiweka sifuri, akiweka herufi, akiacha wazi. Yote yamefaulu. Leo alikuwa anatabasamu kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Nikamwuliza, "Baba yangu kule Ewuaso Kedong atajaza nini hapo?"

"Idadi, madam."

"Hatajaza. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi, ni kujitakia mkosi. Anawaangalia tu wakiingia boma, na anajua yupi hayuko."

Halafu akauliza, "Sasa tujaribu nini?"

Nikamwambia aanze na kile ambacho kikiharibika, ng'ombe wa mtu anakufa. Mfugaji amebonyeza kumwita daktari wa mifugo, mtandao ukapotea. Ombi lake linaenda wapi? Hapo hatukuwa na jaribio hata moja. Hapo ajaribu mpaka achoke.

Kisanduku tumekitoa, na majaribio yake yote. Iliniuma kidogo kumwona akiyafuta.

Jumamosi wafugaji wanaanza kuitumia programu. Bado naogopa, ila sasa angalau naogopa kitu cha kuogopwa.

Nilipofika nyumbani nikampigia baba, nikamwuliza ng'ombe wakoje.

"Wamerudi wote," akasema.

Sikuuliza wangapi.