Tiyo ya moto mpaka chumba cha mama mukwe

Mpendwa Papa Hippolyte wa redio, mimi Théophile wa karibu na bandari naomba musaada, mimi niliyefungua mamotere ya meli Kigoma, Bujumbura mpaka Mpulungu na kuyafunga bila buloni moja kubaki mukononi, leo mashini ya kukausha nguo inanishinda. Bibi yangu Bibiane anafulia watu, na masika hii nguo hazikauki hata kwa maombi, lakini mashini inachemka mpaka bati halishikiki, inajizima yenyewe, na juzi imetoa abakosti, koti ya heshima ya muteja, ikiwa imeungua mugongo kama mukate uliosahauliwa, na Bibiane anasema nguo ya pili ikiungua, kazi imekufa. Nimebadilisha kile kidude cha kupima moto, bado. Sasa usicheke. Mama yake, Mama Émérence, anaumwa magoti, na tangu nimuoe binti yake ananiita yule wa mazuti, kwa harufu ya mafuta ya meli. Chumbani mwake mukwe haingii, unajua desturi, basi nikageuza tiyo ya mashini, ile bomba ya kutoa hewa ya moto, nikaiunga makona matatu mpaka chini ya kitanda chake, moto wangu uingie pale miguu yangu haifiki. Juma iliyopita, nyuma ya pazia, aliniita mwanangu. Papa, sema kosa ni lolote lingine, isiwe tiyo.

JIBU

Théophile, kosa njo tiyo, na ulijua mbele ya kununua tembre ya barua. Wewe fundi wa nchi tatu! Mashini inapumua, wewe umeikunja shingo mara tatu. Manyoya ya nguo yamejaa ndani na moto hauna pa kutokea. Unataka kumupasha mama moto ao kumuchoma kitandani? Tena hewa ile ni ya nguo mbichi, inabeba maji. Gusa ukuta wa chumba chake uone. Ah, hauruhusiwi, mutume Bibiane.

Leo hii, chomoa waya kwanza. Toa tiyo yote, safisha manyoya, weka fupi, iliyonyooka, itoboe ukuta hadi inje. Kichungio kisafishwe kila ukitoa nguo.

Halafu, jioni, nguo za watu zikiisha, ingiza blanketi ya mama peke yake. Bibiane aibebe ikingali moto, amufunike magoti, aseme tu: "Théophile njo ameikausha."

Wewe simama inje ya pazia, ufunge mudomo kwa mara moja, usikie atakuita nani.